Nabeua yai viza mwezi wa pili sasa, kila nikipima naambiwa taifodi

Dalali wa Uyole (Jumapili, saa 3 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Mada yangu haina heshima. Aliye mezani aache kusoma, arudi akishanawa.

Mimi ni dalali wa viazi, nyumbani Uyole, Mbeya. Siku nne katika wiki niko juu kwenye milima ya Uporoto napatana bei na wakulima, nasimamia vijana wanaochimba na kushona lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo), usiku nashuka na fuso. Miaka 38. Sivuti, pombe nakunywa kwenye harusi tu, na harusi zenyewe siku hizi michango mingi kuliko pombe. Uzito wangu tangu nimeoa ni kilo 74. Wiki iliyopita nilipanda kwenye mzani wa viazi (ndio uliokuwa karibu, msicheke), ukasoma 66. Mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Ilianza wiki ya pili ya Machi. Siku tatu za kwanza niliharisha maji matupu, nikasema nimekula kitu. Ikakata kidogo, halafu ikaja hali hii ambayo imekataa kuhama. Choo ni laini, rangi imepauka kama uji uliozidishwa maziwa, juu kina mafuta mafuta, na hakizami. Namwaga ndoo mbili, kinazunguka kinarudi kunitazama. Siku mbili tatu nakuwa afadhali, natangaza nyumbani kwamba nimepona. Ya nne inaanza upya. Damu hakuna, makamasi hakuna, na homa sijapata hata siku moja.

Kinachoniaibisha zaidi ni mbweu. Nabeua yai viza, wakuu. Siyo kwa mfano, ni yai viza lenyewe. Dereva wangu ni mtu mvumilivu, amesafiri na mimi miaka sita, lakini sasa tukifika Isyonje alfajiri, baridi ya kukata masikio, anashusha kioo. Anasema bora nimonia. Tumbo linajaa upepo, linaunguruma mpaka wakulima wanageuka kutafuta pikipiki. Na uchovu: zamani nilikuwa nabeba gunia kuwaonyesha vijana, sasa nikipanda tuta moja natafuta pa kukaa.

Matibabu mpaka leo. Zahanati ya kwanza: damu, kipimo kinaitwa Widal, wakasema taifodi, na "UTI kidogo". Antibayotiki ya sipro siku saba. Hakuna kilichobadilika. Duka la dawa: kidonge kimoja cha minyoo cha kutafuna. Hakuna. Maabara ya pili mjini: wakapima choo, "hakuna kilichoonekana", wakapima damu, taifodi tena. Sindano siku tano, nikawa nakaa upande upande kwenye fuso. Juzi mahali pa tatu: taifodi, "imeota mizizi". Mama mkwe anasema kuna mtu nimemzidi bei ya shamba akanitupia kitu, na ameshaagiza gome la mti kutoka kwao.

Swali langu: kuna taifodi isiyo na homa, inayobeuza mayai? Nikapime nini sasa? Nawasilisha.

Kijana wa Soweto (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Broo hiyo amiba. Nenda duka lolote, chukua Flagyl, mbili mbili kutwa mara tatu siku tano. Kesho kutwa unabeba lumbesa begani. Pole kwa dereva.

Mama Lusajo (Jumapili, saa 4 usiku)

Pole sana kaka. Ugonile, maana nasikia harufu ya Unyakyusa katika habari yako. Mimi niko Tukuyu. Mwanangu wa pili alikuwa hivyo hivyo akiwa na miaka minne: choo cha mafuta, tumbo kama ngoma, mikono myembamba. Nilizunguka nayo miezi mitatu nikiambiwa utapiamlo, wakati nyumbani tuna ndizi, maharage, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Mtoto anakula vizuri kuliko mimi na bado anakonda. Tulikuja kuambiwa ni kimelea cha kwenye maji, jina lake nimelisahau, linaanza na G. Wataalamu watakuja. Usinywe gome lolote kwanza.

Mtu wa Darubini (Jumatatu, saa 12 asubuhi)

Kamwene kutoka Iringa. Nimekaa maabara miaka 31, sasa nimestaafu na kilichobaki ni kufuga kuku na kubishana na vijana kwenye simu. Nimesoma yote. Dalali, katika sehemu tatu ulizopita, kuna aliyekuuliza unakunywa maji gani?

Utanijibu baadaye. Nianze na taifodi yako. Widal ni kipimo cha mwaka 1896, na hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari, yaani kingamwili, ambao mwili ulishawahi kuwatengeneza. Mtu aliyeugua zamani, au aliyekutana na bakteria jamaa zake, anaweza kusoma "positive" leo na taifodi hana. Sehemu kama zetu, kusoma Widal mara moja na kutoa hukumu ni kama kumshika mtu kwa wizi kwa sababu alionekana sokoni. Taifodi hasa hutafutwa kwa kuotesha damu maabara. Na taifodi ni ugonjwa wa homa, homa inayopanda na kukaa. Wewe huna homa, una mbweu. Hizo ni njia mbili zisizokutana hata kwa bahati mbaya.

Kijana wa Soweto: amiba mbaya huja na damu na makamasi, mgonjwa anajikamua chooni. Huyu hana. Halafu kuna jambo watu hawaambiwi: chini ya darubini ya kawaida, amiba anayeleta ugonjwa na ndugu yake asiye na madhara wanafanana kabisa, kwa hiyo nyingi ya "amiba" za mitaani hazijathibitishwa na mtu. Kinachoniudhi ni kwamba dozi uliyoitaja haiko mbali na ile ambayo huyu bwana huenda akapewa. Lakini akiinywa leo kabla ya kupima, nikimtazama kesho naweza nisione kitu, na asipopona tutakuwa tumerudi gizani, safari hii tukiwa tumezima taa wenyewe.

Ninachokishuku ni jiadia. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa *Giardia lamblia*, wengine huandika *Giardia duodenalis*, ni yule yule. Ni kijidudu cha seli moja. Anaishi utumbo mwembamba, pale juu karibu na tumbo la chakula. Chini ana kikombe kama cha kunyonyea, anajibandika ukutani. Haingii kwenye damu, hatoboi kitu, ndiyo maana huna damu wala homa. Lakini wakijibandika wengi, utumbo haufyonzi chakula vizuri, hasa mafuta. Mafuta yasiyofyonzwa yanashuka nawe chooni: ndicho hicho kinachoelea na kukutazama. Chakula kinachokosa kufyonzwa kinachacha njiani, unapata upepo. Unakula, na huli.

Akitaka kusafiri anajifunika ganda gumu. Sisi tunaita sisti. Inatoka na choo, inakaa kwenye maji inamsubiri mtu mwingine. Sisti kumi tu zikimezwa zinatosha kumwangusha mtu mzima. Dalili huja baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo rudisha kumbukumbu mwishoni mwa Februari: ulikuwa wapi, ulikunywa nini?

Sasa kupima, hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Jiadia hatoki kila siku. Leo choo kimejaa sisti, kesho na keshokutwa hakuna hata moja. Sampuli moja ikisema "hakuna kilichoonekana", maana yake ni kwamba siku hiyo, kwenye tone lile, huyo fundi hakuona. Sampuli tatu za siku tofauti hukamata wagonjwa karibu 9 kati ya 10. Kwa hiyo:

Peleka tatu, kila moja ipishane na nyingine kwa siku moja au mbili. Zisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Kikiwa cha maji maji, kifike maabara ndani ya nusu saa, maana yule aliye hai anayeogelea anakufa upesi na akifa anageuka kuwa takataka kama takataka nyingine. Mwambie fundi atazame kwa maji ya chumvi na kwa iodini, na kama ana uwezo wa kuzidua kwa formalini na etha, yaani kuwakusanya vimelea pamoja waonekane kirahisi, azidue. Mwambie neno "jiadia". Hatukasiriki kuambiwa. Asubuhi yenye wagonjwa sitini, anayejua anatafuta nini ndiye anayekipata. Zipo maabara zenye kipimo cha haraka cha antijeni ya jiadia (alama ya mwili wake) kwenye choo. Ukiipata, ni nzuri. Na mwambie dawa zote ulizokunywa, kwa sababu baadhi ya antibayotiki zinapunguza vimelea kwenye choo kwa muda bila kuwamaliza. Huenda ndiyo maana ile ya pili hawakuona.

Akikutwa aliye hai, muombe fundi akuchungulishe. Ana umbo la pea iliyokatwa, viini viwili kama macho, na akienda anayumba kama jani linaloanguka. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mholanzi mmoja muuza vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1681, alipokuwa anaharisha na akaamua kuweka choo chake mwenyewe chini ya lenzi. Nimewahi kuwasimulia hayo wanafunzi wangu wote, nusu yao walibadili kozi.

Dalali wa Uyole (Jumatatu, saa 2 usiku)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikiwa kwenye tuta, nimekaa chini kabisa.

Hakuna aliyeniuliza maji. Hata mmoja. Nyumbani tunachemsha, mke wangu ni mkali kwa hilo. Lakini kule juu nakunywa yanayotiririka. Kuna kijito kinapita pembeni ya mashamba ninayonunua, vijana wanachota na dumu la lita tano, tunapokezana. Yana baridi kama ya friji, ukimeza meno yanauma. Tangu mdogo naambiwa maji ya mlimani hayana haja ya moto, baridi ile inaua kila kitu. Babu yangu alikunywa hayo akafa na miaka tisini na kitu, kwa kuanguka.

Mwisho wa Februari mvua zilinyesha sana, kile kijito kiligeuka rangi ya chai ya maziwa siku kama tatu. Tulikunywa. Tulisubiri kitulie kwenye dumu, tukanywa. Juu yake kuna boma la ng'ombe. Na mimi nilikuwa namlaumu ng'ombe huyo huyo nilipokuwa naandika.

Kwa uaminifu wote niseme na hili: vijana wa kuchimba hawana choo. Wanaenda kichakani, na kichaka kiko upande wa juu.

Mtu wa Darubini (Jumatatu, saa 3 usiku)

Marahaba, mwanangu. Basi muombe ng'ombe radhi. Ndama hupata jiadia kweli, lakini aina inayowasumbua zaidi ng'ombe na mbuzi ni tofauti na zile zinazoshika watu. Wapo ng'ombe wenye ya kwetu, siwasafishi kabisa, ila kichaka ndicho ningekianza.

Na baridi haiui. Ni kinyume chake. Sisti kwenye maji ya vuguvugu zinachakaa mapema, kwenye maji baridi zinakaa wiki na wiki, hata miezi. Baridi inayokutunzia viazi visioze inawatunza na hawa. Mtu wa maji yumo humu? Nilimwona juzi kwenye mada ya mabomba.

Mlinzi wa Chanzo (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Nipo mzee. Niko Makete, kwenye chombo chetu cha watumiaji maji, mimi ndiye ninayepanda kwenye banio, pale maji yanapoingia bombani, kila Alhamisi na panga.

Ndugu Dalali, nina mambo mawili matatu. Maji ya mserereko watu wanayaamini kwa sababu yanatoka mlimani yenyewe, hayajasukumwa na mashine. Lakini mserereko ni njia ya kuyaleta, hausafishi kitu. Kama chemchemi imejengewa, imefunikwa, ina mfereji wa kuzuia maji ya juu yasiingie, hapo nakunywa na mimi. Kama ni kijito cha wazi, kila kilicho juu yako unakinywa. Mvua ya kwanza kubwa ndiyo mbaya, inafagia vichaka vyote kwa siku moja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo za mto na vyanzo vya maji. Huku tunapigana na vinyungu, yaani bustani za kando ya maji, kila mwaka, mtu analima mpaka jembe linachota maji. Ukimwambia anakuuliza mita 60 umezipima kwa miguu ya nani.

Kuchemsha: kule kwenu unazidi mita 2,000, sisi Kitulo tunafika karibu 2,600. Maji yanachemka mapema kabla hayajawa moto kama ya Dar, huku yanachemka kwenye nyuzi kama 91. Bado yanamuua huyo mdudu, msiogope. Ila usitoe sufuria yanapoanza tu kutoa povu pembeni. Yaache yatokote kwelikweli dakika tatu. Mtu wa bondeni dakika moja inamtosha.

Dawa ya klorini ya kutia kwenye ndoo ni nzuri kwa kipindupindu na bakteria wengi, tunaigawa na sisi. Kwa jiadia usiitegemee peke yake. Lile ganda ni gumu, na kwenye maji baridi klorini inafanya kazi polepole zaidi. Chujio la mshumaa wa kauri, lisilo na ufa, linamzuia. Kitambaa hakimzuii, hata ukikunja mara nne.

Kijana wa Soweto (Jumanne, saa 2 asubuhi)

Mzee Darubini nimenyooka. Ila swali: ile jeli ya mikono ya spiriti naitembeza mfukoni kila mahali. Inasaidia?

Mtu wa Darubini (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)

Kwa sisti, haitoshi. Sabuni na maji yanayotiririka, sugua, suuza. Unamwondoa kwa kumtelezesha, si kwa kumuua. Jeli baki nayo kwa ajili ya mafua.

Dalali wa Uyole (siku tisa baadaye, saa 1 usiku)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Sampuli ya kwanza: hakuna kilichoonekana. Nilivunjika moyo, mama mkwe akaniangalia kwa jicho la "nilikwambia". Ya pili: hakuna. Yule binti wa maabara akaanza kunionea huruma, akasema kaka, labda ni msongo wa mawazo. Nikamwambia dada, mzee wangu Iringa amesema tatu. Akacheka, akasema basi ya tatu ulete siku tumbo linapochafuka, siyo siku limetulia. Hilo hakuna aliyeniambia! Mbili za kwanza nilipeleka zile siku zangu za afadhali kwa sababu ndizo nilizokuwa mjini.

Ya tatu nilikimbia nayo na bodaboda, kutoka nyumbani mpaka kaunta dakika kumi na nane. Binti akakaa nayo. Kimya. Baadaye akaniita: "Kaka, njoo." Mzee, nimemwona. Ni kweli anayumba kama jani. Alikuwepo mmoja anaogelea, na mayai mayai ya mviringo, zile sisti, akanionyesha nukta ndani yake. Nilihisi kitu ambacho sijui nikiiteje, kama kumwona mwizi wako ambaye kijiji kizima kilisema hayupo.

Daktari amenipa tinidazoli, vidonge vinne vya miligramu 500 kwa mkupuo mmoja, yaani gramu 2, baada ya kula. Aliniambia angeweza kunipa metronidazoli miligramu 400 kutwa mara tatu siku tano, ila akiniangalia kazi yangu anaona nitasahau dozi ya mchana tuta la pili. Ni kweli. Nimekunywa jana usiku. Leo mdomoni nina ladha kama nimelamba funguo.

Jumamosi kuna harusi Kiwira na nimeshatoa mchango. Kikombe kimoja tu cha kimpumu kitadhuru?

Mtu wa Darubini (saa 1:20 usiku)

Kitadhuru. Siku tatu kamili baada ya tinidazoli usiguse pombe, iwe kimpumu, ulanzi au bia. Utatapika, uso utawaka, moyo utakimbia, na watu wa harusi watasema umerogwa kweli. Jana usiku mpaka Jumamosi hesabu mwenyewe kwa saa, siyo kwa siku za mdomoni.

Pili, mkeo na watoto. Kama kuna anayeharisha au mtoto asiyenenepa, naye apimwe. Wapo wanaobeba bila dalili yoyote na kukurudishia. Mkeo akiwa mjamzito asipewe hiyo yako bila daktari kujua.

Mama Lusajo (saa 2 usiku)

Asante Mungu. Ndilo hilo jina, jiadia! Wangu alipewa dawa ya maji kwa kipimo cha uzito wake, wazazi msigawe vidonge vya baba kwa macho. Na wa pekee aliyemwambukiza tulimkuta ni mdogo wake wa nepi, mimi mwenyewe nilikuwa nambadilisha huku napika.

Dalali wa Uyole (siku kumi na mbili baadaye, saa 4 usiku)

Mzee, amerudi.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mpya. Choo kinazama. Mbweu hakuna, dereva alifunga kioo Isyonje na kulala kidogo wakati wa kupakia. Nikaanza kula kwa hasira, maana nataka kilo zangu nane. Mke wangu akasema maziwa yananenepesha, nikawa nakunywa lita nzima kwa siku, fresh, la jirani, limechemshwa. Siku ya tatu ya maziwa: upepo, muungurumo, kuharisha. Yai viza halipo lakini mengine yote yapo. Ninunue tena vile vidonge vinne? Maji ya kijito sijagusa, naapa, nabeba ya kwangu.

Mtu wa Darubini (saa 4:30 usiku)

Usinunue kitu. Acha maziwa.

Kule alikojibandika ndiko utumbo unakotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, laktosi. Mdudu ametoka, lakini ukuta bado unajijenga, na kwa baadhi ya watu inachukua wiki kadhaa. Maziwa fresh yanapita bila kumeng'enywa, yanachacha chini, unapata yale yale. Wengi hapo hurudishiwa dawa mara mbili, mara tatu, kwa mdudu ambaye hayupo. Kaa bila maziwa wiki moja uone. Ukitaka, jaribu mtindi kidogo. Bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari. Kula mayai mazima, maharage, parachichi.

Ukiacha maziwa na bado hali ni ile ile, hapo peleka sampuli tena. Akionekana, utakuwa ama umemeza mpya au dawa haikumshinda, hilo hutokea, na daktari atabadilisha: kuna albendazoli, lakini hiyo ni miligramu 400 kila siku kwa siku tano, siyo kile kidonge kimoja ulichotafuna mwanzo.

Mama Lusajo (Jumatano, saa 11 alfajiri)

Hapa ndipo nilipolia mimi, maana sisi nyumbani maziwa ndiyo dawa ya kila kitu. Tulimwachisha mtoto mwezi mzima, bibi yake akasema namtesa. Alirudia taratibu, kikombe kidogo kidogo.

Dalali wa Uyole (wiki tatu baadaye, saa 2 usiku)

Ndaga fijo, mzee wangu, na wote. Maziwa ndiyo yalikuwa. Siku nne tu bila hayo, kimya. Jana nimepanda mzani, safari hii wa zahanati: 70.

Mke na watoto wamepimwa, mmoja wa kike miaka sita alikutwa nayo, hana dalili ila alikuwa mdogo kuliko wenzake darasani na sisi tukasema amefuata upande wa mama. Ametibiwa. Mama mkwe gome lake bado liko juu ya kabati, amesema lisitupwe.

Shambani nimepeleka sufuria kubwa, jiko la mkaa, na dumu lenye bomba ambalo mtu hatumbukizi kikombe. Mkulima mwenyewe amechimba choo, upande wa chini. Ilinigharimu kumwongezea bei kidogo kwa gunia na sijutii sana, ingawa nimelipunguza lumbesa lake kwa ajili hiyo hiyo, tumekubaliana. Vijana wananiita Bwana Afya. Mwanzoni walikataa maji ya kuchemsha, wanasema yananuka moshi na hayakati kiu. Sasa wawili kati ya watano wamekuja pembeni, mmoja mmoja, kwa aibu, kusema na wao wanabeua.

Mmoja anauliza kama kopo tupu la siagi linafaa kubebea sampuli.

Mtu wa Darubini (saa 2:15 usiku)

Linafaa, ila alioshe kwa maji ya moto na sabuni, alisuuze sabuni yote itoke, alikaushe juani mpaka lisiteleze kidole. Mafuta ya siagi yakibaki yanatuletea matone ya duara kwenye darubini na tunahangaika nayo bure. Aandike jina kwenye kopo, siyo kwenye mfuniko. Mifuniko yote ya siagi inafanana.